Dafu Langu au Shingo Yako

Ukitaka kumfukuza Mzee Bernard nyumbani kwako, usihangaike kumtukana. Matusi ameyala tangu ujana wake na yamemnenepesha. Wewe mwamkie kwa adabu. Mwambie, "Shikamoo mzee, karibu kiti," mwekee maji kwenye glasi yenye kisahani, halafu uone kama hatainuka mwenyewe akatafuta njia.

Hivyo ndivyo alivyofanyiwa na Hajira, mke wa Husseini, pale Msimbu.

"Shikamoo mzee," alisema Hajira. "Karibu kiti. Baba Mudathir yuko shambani."

Mzee! Kiti! Miaka yote mwanamke yule alimpokea kwa mwiko mkononi. "Umefuata nini, mpagazi? Leo hapa hakuna mzigo wa kubeba!" Hiyo ndiyo ilikuwa shikamoo yake. Naye Bernard humjibu, "Nimemfuata mke wangu, nasikia kuna mla kisamvu amemficha humu ndani." Hapo hurushiwa maji ya kuoshea vyombo, na baada ya maji huja chakula. Leo maji yalikuja kwenye glasi. Mzee Bernard, mtu aliyewahi kumwambia padri mzima kwamba alimpiga simba kibao na simba akaomba radhi, aliyanywa yale maji kama mtu anayekunywa dawa ya minyoo, akaaga, akatoka uani.

Asiyejua atauliza: kwani adabu ni kosa? Bernard ni Mnyamwezi, na wenyeji wake ni Wazaramo, na hao wawili ni watani tangu enzi za misafara, babu zao walipopigana njiani hadi wakachoka, wakaona heri watukanane tu. Mtani huingia jikoni kwako akafunua sufuria. Anakuita mtumwa wake mbele ya wakwe zako. Na siku ya msiba kazi ni yake: wenyewe wanalia, yeye anawachekesha, wanamsifu marehemu, yeye anamsema, kaburi likishachimbwa, yeye analala ndani na kukataa kutoka. Sheria zake ni mbili tu. Mtani hakasiriki. Na mtani haombi radhi, maana anayeomba radhi amekiri kuwa alisema kwa moyo.

Bernard alikuja Msimbu, wilaya ya Kisarawe, akiwa bwana shamba kijana, mwenye baiskeli ya serikali na suruali moja nzuri, akapangishwa chumba kwa baba yake Husseini. Alipostaafu alijenga Misugusugu, upande wa Kibaha, lakini Msimbu ilibaki kuwa kwake. Hata Mudathir, mwana wa Husseini na Hajira, alipotaka kwenda kutafuta maisha hakwenda kwingine. Alipewa chumba cha uani kwa Mzee Bernard, akanunua baiskeli, akawa anauza madafu kando ya barabara ya Morogoro, pale malori yanapopunguza mwendo. Panga lake alilinoa mpaka ungeweza kujinyolea ndevu ukijitazama humohumo.

Na walikuwa na mchezo wao. Kila Jumamosi asubuhi Mzee Bernard hufika kwenye baiskeli ile, akachagua dafu kubwa kuliko yote, akakatiwa, akalinywa lote, akafuta midomo, akaondoka anacheka bila kulipa. Mudathir humwacha atembee kidogo, halafu huinua panga juu na kunguruma:

"Dafu langu au shingo yako!"

Hapo mzee hutimua mbio, kofia mkononi, na kituo kizima kinapiga vigelegele. Wachoma mahindi wanashangilia, madereva wanapiga honi. Mbio ziliishia kwenye meza ya Zuwena, muuza chapati. Pale Mudathir alimkamata, akalipasua lile dafu vipande viwili, akachonga kijiko kwenye kumbi, na wote wawili wakakaa kwenye benchi wakila nyama yake laini, mmoja akimwambia mwenzake kwamba amezeeka na mwingine akijibu kwamba amezaliwa na nyani.

Kisa hiki Mzee Bernard alikisimulia kila mahali, na kila mahali kilikua. Mwishowe alikuwa amekimbia mpaka akarukia lori la saruji linalokwenda bara, mvua ikamnyeshea juu ya mifuko iliyopasuka, akaganda, na walipofika Mlandizi watu wakamshusha wakitaka kumsimamisha kwenye makutano ya barabara kama sanamu ya shujaa. Alikombolewa na mwanawe Evance, aliyekuja na nyundo. Watu walicheka hadi wakashika mbavu, na kila aliyecheka alijua ni uongo mtupu.

Ya lori ilikuwa uongo. Ya panga ilikuwa kweli. Katika hadithi zote alizosimulia Mzee Bernard tangu apate meno, hiyo moja ilikuwa na kokwa ya kweli ndani yake, na hiyo hiyo ndiyo iliyokuja kumkaba koo.

Maana jioni moja, jua bado halijazama, askari mmoja, Koplo Hashiru, alimpiga Mudathir risasi palepale penye baiskeli. Ilikuwa moja tu, na ilitosha. Kijana alikufa kabla watu hawajakubaliana nani ampakie kwenye gari lake.

Koplo alikamatwa, akashtakiwa kwa kuua. Alisema alitishiwa na panga, akajiokoa. Basi kila mtu mwenye mdomo akapata la kusema. Redioni watu walipiga simu hadi mtangazaji akaomba maji. Wengine walisema askari nao wana watoto, hawakwenda kazini kukatwakatwa. Wengine walisema kama kila mwenye panga ni wa kupigwa risasi, basi Pwani yote tuchimbiwe kaburi moja, maana nani hana panga? Misikitini lilizungumzwa, makanisani lilizungumzwa, na kwenye vikundi vya simu watu waliokuwa wakitumiana salamu za asubuhi zenye maua wakaanza kuitana wauaji.

Katika kelele hizo ndimo maziko yalimofanyika, Msimbu. Husseini alikuwa hajala wala hajalia. Alikaa kama gogo lililosahauliwa shambani, watu wakimpa mkono naye akiupokea bila kujua ni wa nani. Wazee wakamtazama Bernard. Hakuambiwa kitu, na huko ndiko kulikuwa kuambiwa kwenyewe. Walipofika makaburini, kabla mwili haujateremshwa, Mnyamwezi akavua viatu, akaruka shimoni, akajilaza chali.

"Sitoki!" akapiga kelele. "Hamumziki huyu mpaka nipewe jogoo! Kijana huyu alinikimbiza na panga mimi, alitaka shingo yangu, mnashuhudia! Yule askari ametuokoa Wanyamwezi. Kesho nampelekea zawadi!"

Watu wakaangua kicheko. Na pale kwenye ukingo wa kaburi bega la Husseini likatikisika, tumbo likatikisika, akacheka, akacheka mpaka kicheko kikakatika katikati na kilio kikatoka, kilio kikubwa cha mtu mzima, akashikwa na watu wanne. Jioni ile akala. Dawa ilikuwa imefika.

Ila Evance, mtoto wa watu, alikuwa ameshika simu. Alitaka kuwatumia ndugu wa Tabora waone jinsi Baba bado anavyoijua kazi. Aliwatumia. Kutoka Tabora ikaenda ilikokwenda, na huko mtu akaikata mahali alipotaka. Kilio cha Husseini hakikuwemo tena. Yalibaki maneno ya mzee na kicheko cha waombolezaji, na juu yake mtu kaandika: "Hata wafiwa washukuru polisi."

Wanawake hawaendi makaburini. Hajira alikuwa amebaki nyumbani, amezungukwa na mashoga, hajui nini kimesemwa shimoni. Aliiona kwenye simu ya jirani, siku ambazo bado alikuwa akitandika kitanda cha mwanawe.

*

Alipotoka uani siku ile ya glasi na kisahani, Mzee Bernard alimfuata Husseini shambani. Alimkuta anapalilia mhogo.

"Husseini, ndugu yangu," alianza.

"Nani ndugu yako?" Husseini hakuinua hata kichwa. "Ndugu yangu mimi hana masikio kama ungo."

"Nasema kweli leo. Mkeo ameniamkia."

Jembe likasimama. Husseini akajinyoosha, akamtazama kwa mara ya kwanza. "Amekupa kiti?"

"Na kisahani."

"Mh." Husseini akapangusa jasho kwa kiganja. "Hapo pabaya."

"Nimekuja kumwomba radhi."

"Thubutu! Ukimwomba radhi umekwisha. Atasema, kumbe alimaanisha. Na mimi nitalazimika kusema hivyo hivyo, ingawa nilikuwepo na nilicheka."

"Basi ninyamaze?"

"Ukinyamaza atasema, huyo hana la kusema." Husseini akashusha sauti. "Mimi ulinifaa, Bernard. Pale kaburini nilikuwa nakwenda na mwanangu, ukanivuta shati. Lakini mwenzangu hakuwepo. Yeye ameona kwenye simu, na kwenye simu hakuna kaburi wala hakuna mimi. Ni wewe tu na hayo magego yako."

"Sasa nifanye nini?"

"Ushuke hapo. Umesimama juu ya mche wangu, mtumwa mkubwa wewe."

Mzee Bernard akashuka. Kutukanwa na Husseini kulimpoza kidogo, lakini hakukufika hadi jikoni kwa Hajira.

*

Kama mambo yangeishia hapo angesubiri. Wazee wanajua kusubiri. Lakini hati ya wito ikaletwa na mtendaji wa mtaa, imekunjwa vizuri: Bernard anaitwa Mahakama Kuu, kikao cha Kibaha, awe shahidi. Akasoma ni wa upande upi. Akasoma tena, maana miwani ilikuwa ya zamani. Wa utetezi.

Aliipeleka kwenye benchi la kahawa, karibu na meza ya Zuwena. Mwalimu Atupele, mstaafu mwenzake, aliyekuwa upande wa askari tangu siku ya kwanza, alikuwepo tayari na kashata yake.

"Wamekuona," alisema Atupele. "Wanataka useme mahakamani ulichosema kaburini. Kijana alikuwa na tabia ya kukimbiza watu na panga."

"Tabia!" Zuwena akageuza chapati kana kwamba anamgeuza Atupele. "Muuza madafu ulitaka ashike nini, mwalimu? Chaki?"

"Mimi nasema sheria. Panga ni panga."

"Na bunduki ni nini? Mwiko?"

"Mama, askari ana sekunde moja tu ya kufikiri."

"Mudathir hakupewa hata hiyo moja!"

Benchi likawaka. Mwenye kahawa akatuliza watu kwa kugonganisha vikombe vyake. Mzee Bernard peke yake hakusema kitu, na watu wakashangaa, maana kwa kawaida hapo ndipo huingiza kisa cha jinsi alivyodaka risasi ya mkoloni kwa meno, ilhali mkoloni aliondoka yeye bado ananyonya.

Zuwena akamgeukia. Yeye alikuwa ameshatoa ushahidi wake upande wa mashtaka, na tangu siku hiyo sauti yake ilikuwa imepungua. "Mzee wangu, mimi nilisema nilichokiona. Yule afande alichukua dafu, akanywa, akaondoka bila kulipa. Alikuwa anacheka. Mudathir akamwacha kidogo, akainua panga. Na yeye alikuwa anacheka! Nililisema hilo, wakaniuliza, alisema nini? Nimeapa, nitaficha? Nikawaambia. Alisema, 'Dafu langu au shingo yako.'"

"Si ndiyo hayo!" Atupele akapiga paja. "Ametishia shingo ya mtumishi wa serikali!"

Kikombe cha Mzee Bernard kilikuwa kimefika nusu ya njia kwenda mdomoni. Kikabaki hapo.

Mtu mzima amechukua dafu. Amelinywa. Ameondoka anacheka bila kulipa. Kijana angejuaje? Kwake yeye mtu wa namna hiyo alikuwa na jina moja tu duniani, mtani, na jina hilo alifundishwa kila Jumamosi, miaka, mbele ya kituo kizima, na mzee mmoja mwenye kofia. Kahawa ikamwagikia goti. Hakuisikia moto wake.

"Umeungua, mzee," alisema Zuwena.

"Naam," alisema Bernard. Akaondoka bila kulipa, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemkimbiza.

Nyumbani Evance alikuwa amerudi kutoka kazini Dar, tai imelegea. Tangu ile video imkimbie alikuwa akimtazama baba yake kama mtu aliyevunja chungu cha wageni.

"Baba, mbona jambo lenyewe rahisi? Sema ulitunga."

"Nilitunga nini?"

"Panga. Kukimbizwa. Waambie ni porojo zako. Nani atashangaa? Lete Misugusugu yote itoe ushahidi kwamba Mzee Bernard hajawahi kusema kweli."

Mzee Bernard akakaa kitandani akatazama uani, kwenye baiskeli ya Mudathir iliyoegemezwa ukutani, tairi zimeshatoa upepo. Ushauri ulikuwa mzuri. Ulikuwa mzuri mno. Akisema ni uongo, kijana anasafishika, Hajira anamrudishia mwiko wake, na hakuna wa kumtuhumu. Lakini angekuwa ameshika Biblia, yeye mwenyekiti wa jumuiya. Na zaidi ya Biblia kulikuwa na kitu kingine kilichomkera asijue akiite nini. Akisema hakukimbizwa, basi zile Jumamosi hazikuwepo. Benchi, kijiko cha kumbi, vile vicheko, vyote atakuwa amevifuta kwa mdomo wake. Na akisema alikimbizwa, anampa askari mlango wa kutokea. Kila upande aliogeukia alikuta ukuta, na ukuta wenyewe ameujenga yeye, kwa udongo wa maneno yake mwenyewe.

*

Siku ya ushahidi mahakama ilijaa hadi madirishani. Wa upande wa askari walikaa kulia, wa upande wa Mudathir kushoto, kama harusini. Husseini alikuwa mbele na koti lake la Idi. Kando yake Hajira, khanga imefungwa kichwani hadi kwenye nyusi. Mzee Bernard alipopita, Hajira aliinama kidogo na kusema, "Shikamoo mzee." Ikamwingia ubavuni.

Kwenye kizimba cha mshtakiwa Koplo Hashiru alikuwa mtu mwembamba, mgeni wa mikoa hii, anatazama mikono yake. Bernard alikuwa amemtarajia mtu mkubwa zaidi.

Zamani jaji alikaa na wazee wa baraza, na hata mzee mmoja wa Kisarawe angetosha kumnong'oneza utani ni nini. Siku hizi si lazima wawepo, na hawakuwepo. Alikuwepo Jaji peke yake, mama mwenye miwani myembamba, na sauti ya mtu asiyetaka kurudia neno.

Mzee Bernard akaapa. Wakili wa utetezi, dada mmoja mpole aitwaye Elinipa, akaomba video ioneshwe. Ikaoneshwa. Kicheko cha makaburini kikajaa chumbani, na hakuna aliyecheka.

"Huyo ni wewe?"

"Ni mimi."

"Ulisema marehemu alikukimbiza na panga, akitaka shingo yako. Ulisema hivyo?"

"Nilisema, ila pale ilikuwa..."

"Mzee wangu, nisaidie kujibu nililokuuliza tu. Je, ni kweli marehemu alikuwa akikukimbiza na panga?"

Kushoto, watu wa Misugusugu wakamkodolea macho, na Evance akiwa katikati yao akatikisa kichwa polepole: hapana, sema hapana. Mzee Bernard akahisi uongo umekaa tayari kwenye ulimi, laini, umepakwa mafuta. Ulikuwa uongo mfupi kuliko wote aliowahi kuutunga. Akamtazama Hajira. Hajira hakumtazama.

"Kweli," alisema. "Alinikimbiza."

Kulia watu wakavuta pumzi. Kushoto mtu akasonya kwa nguvu hadi karani akainua kichwa. Wakili Elinipa akashukuru, akakaa.

Wakili wa serikali akainuka taratibu, kama mtu anayekanyaga sakafu asiyoiamini. "Mzee Bernard. Alipokukimbiza, alikufikia?"

"Kila mara. Mimi na mbio wapi na wapi."

"Alipokufikia alifanya nini?"

Sasa Misugusugu yote ikainama mbele. Walikijua kisa hiki. Walisubiri lori. Walisubiri saruji, mvua, Mlandizi, nyundo. Mzee Bernard akashika ukingo wa kizimba cha shahidi.

"Alilipasua dafu," alisema. "Akachonga kijiko kwenye kumbi. Tukakaa kwa Zuwena, tukala."

Wakasubiri. Hakukuwa na zaidi.

"Na maneno haya, 'Dafu langu au shingo yako,' umewahi kuyasikia?"

"Kila Jumamosi."

"Na shingo yako?"

"Ipo, kama mnavyoiona. Imekunjamana tu, lakini hilo si kosa la Mudathir."

Watu wakacheka kidogo, Jaji akawatazama, wakaacha. Kisha Jaji mwenyewe akaweka kalamu chini.

"Shahidi, kama ulijua ni mchezo, kwa nini ulikuwa unakimbia?"

Bernard alishangaa mtu mwenye elimu kubwa namna ile kuuliza jambo kama hilo. "Mheshimiwa, mtani akikukimbiza, unakimbia. Nisingekimbia ningekuwa nimemtukana. Ningekuwa nimemwambia, wewe si mwenzangu."

"Na mshtakiwa alikuwa mtani wake?"

Hapo ndipo alipopaogopa.

"Hapana, Mheshimiwa. Lakini yeye alichukua dafu, akaondoka anacheka bila kulipa. Kwa Mudathir, mtu mzima afanyaye hivyo..." Akashika tena ukingo wa kizimba. "Ndivyo alivyozoea. Alimngoja akimbie."

Koplo Hashiru akainua uso kutoka kwenye mikono yake. Macho yake na ya Mzee Bernard yakakutana, na kwa muda mfupi walitazamana kama watu wawili waliofungiwa chumba kimoja na ufunguo umeachwa nje. Kisha Jaji akaandika kitu, akamshukuru shahidi, na kesi ikaahirishwa hadi siku ya hukumu.

*

Nje mjadala ulikuwa umeanza upya kabla watu hawajavaa kofia. Atupele alikuwa akieleza kwamba ushahidi umemsaidia askari, maana na yeye angejuaje? Mwingine akamjibu kwamba asiyejua anauliza, hapigi risasi. Evance alikuwa ameshika kichwa. Hakuna aliyempongeza Mzee Bernard na hakuna aliyemlaumu. Walimpisha tu, kama mtu aliyebeba kitu kinachovuja.

Akatembea kuelekea getini, walikosimama askari wawili wa mahakama na bunduki begani. Alitaka kufika nyumbani alale.

"Mpagazi."

Akasimama. Neno lile hakuwa amelisikia kwa sauti ile tangu maziko.

Hajira alikuwa amesimama katikati ya ua, khanga imemteremka mabegani. Husseini alikuwa nyuma yake, hakumshika.

"Lori la saruji liko wapi?" aliuliza Hajira.

"Nini?"

"Lori! Mwanangu alikuwa akija nyumbani ananisimulia. Anasimama katikati ya uwanja wangu, anaganda kama wewe, ananiambia, mama nigonge na nyundo. Miezi yote hii nasubiri usimame mbele ya watu useme lori. Umesema kijiko! Umesema mmekula!" Sauti yake ikapanda. "Kaburini ulimsema mpaka nchi nzima ikasikia, leo umebanwa umemnyima hata lori lake! Mwongo gani wewe usiyejua wakati wa kudanganya?"

Mzee Bernard akavua kofia, akaishika kifuani.

Hajira akainama, akavua kandambili. Akainyanyua juu ya kichwa chake, na sauti iliyotoka ilikuwa ngurumo ambayo Bernard aliijua, aliyoisikia kila Jumamosi kutoka kifua kingine.

"Mwanangu au shingo yako!"

Ua mzima ukageuka. Getini askari mmoja akageuka pia, na mkono wake ukapanda kwenye mkanda wa bunduki.

Bernard aliuona ule mkono. Mbele yake kulikuwa na geti na mkono huo. Nyuma yake kandambili imeinuliwa, na macho ya Hajira yakimtazama, kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya glasi, moja kwa moja. Yakimngoja. Akisimama pale, mlango wa Msimbu umefungwa mpaka anakufa. Akikimbia, anakimbia kuelekea kwa askari, na askari hajui ni nini.

Akaachia kofia ikaanguka. Akainua mikono yote miwili juu kabisa, viganja wazi, ili kila mtu aione.

Akakimbia. Alikimbia hivyo hivyo kuelekea getini, mzee mzima, mikono juu, shati limetoka nje, akipiga kelele, "Nakufa, Wazaramo wananiua, jamani nakufa!" huku macho hayabanduki kwenye ule mkono wa bunduki. Nyuma yake kandambili iliyobaki ilipiga changarawe, pa, pa, pa, na pumzi za mwanamke zilimkaribia, na hakuweza kujua kama zile ni za kucheka au za kulia. Hakugeuka kutazama. Anayekimbizwa na mtani hageuki.